Ukucha wa Bata

Katapila ilikuwa imekwisha kupanda tuta la Ziwa Darma kabla mkutano haujaanza, na hilo lilimkasirisha Kellu kuliko maneno yote yaliyofuata. Mtu anayekuja kuomba ruhusa haji na shoka begani.

Alhaji Dalatu alikaa kwenye mkeka wa heshima, kando ya Bulama Gaji, mkuu wa kijiji. Joho lake la samawati lilimeza nafasi ya watu watatu. Kuku wake walikuwa wamekufa kwa homa ya ndege, banda baada ya banda, na bata mwitu wanaopiga mluzi nao wakafa ukingoni mwa ziwa. Sasa alitaka neno moja tu kutoka kwa Bulama: ndiyo. Akilipata, katapila itakata tuta, ziwa litamwagika mtoni, na bata watakosa pa kutua. Kwamba chini ya maji hayo kulikuwa na udongo mweusi unaopenda ngano, Alhaji hakugusia.

"Bata hawa ni wageni," alisema. "Wametoka kwenye delta ya magharibi, ng'ambo ya mipaka, maradhi yalikoanzia. Wameniletea kifo mabawani. Bulama, mtu hafugi jambazi kisimani."

Wanaume waliendelea kutafuna njugu zao za kola. Bulama aliinamisha kichwa kama anayetafuta sindano mchangani.

"Mwenye nguvu mpishe," mmoja alinong'ona.

"Apishwe apite wapi?" ilidakia sauti kutoka upande wa wanawake. Ilikuwa ya Yagana, shangazi yake Kellu, mkaushaji samaki. "Njia anayoitaka inapita katikati ya jiko langu!"

Watu wakacheka, na kabla kicheko hakijapoa Kellu akasimama. Alizaliwa kijijini hapo, akasomea kazi ya maabara chuo kikuu, na bata walipoanza kufa alirudi na glovu, barakoa na sanduku la barafu.

"Bulama, baba yangu, niruhusu."

"Sema, binti."

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Bata naye anayo, ila haionekani kwa macho." Akamgeukia Yagana. "Shangazi, mchuzi ukisahaulika motoni huwaje?"

"Wangu hausahauliki."

"Wa jirani yako, basi."

"Ah, huo! Hukauka ukabaki mzito, chumvi tupu."

"Ndivyo jua linavyolipika ziwa letu kiangazi kizima. Ndani ya maji mna haidrojeni nyepesi, na mna nyingine nzito kuliko dada yake. Jua huinua nyepesi kwanza, nzito hubaki. Delta ya magharibi huletewa maji mapya kutoka milimani, mepesi. Sasa bata anakula mbegu na majani ya majini, na unyoya unapoota hubeba uzito wa maji ya mahali pale. Ukishakomaa, haubadiliki mpaka udondoke. Nimepima manyoya ya wale waliokufa. Ni mazito. Yameotea hapa."

Daktari Habu, mganga wa mifugo wa Alhaji, alicheka kwa upole. "Dada yangu, usituuzie nusu ya habari. Unyoya unasema ulikoota. Hausemi bata alilala wapi mwezi uliopita. Angeweza kuotea manyoya hapa, akaruka hadi delta, akarudi na homa."

Hoja ilikuwa nzuri. Kellu aliijua, kwani ndiyo iliyompiga kifuani siku alipokuwa amekata mabawa tu na mizoga imekwisha kufukiwa. Ilibidi arudi shimoni, afukue tena, huku vijana wakimwita fisi.

"Ndiyo maana nilirudi kukata kucha," alisema.

"Kucha?"

"Unyoya hukoma kuota, Daktari. Ukucha haukomi. Ncha ni ya zamani, shina ni la majuzi. Bata angekaa kwenye delta, ukucha ungebadilika uzito kati ya ncha na shina. Nimeupima kwenye ncha: Darma. Nimeupima kwenye shina: Darma. Hakwenda popote. Alikuwa kwao."

Alhaji hakuhitaji kufikiri sana.

"Vizuri! Basi bata ni wenu, na maradhi ni yenu."

"Kuku wako walikufa kabla ya bata au baada yao?"

Alhaji alirekebisha kofia. Yagana akajibu kwa niaba yake: "Kabla! Mizoga ikatupwa kwenye mfereji unaoingia ziwani. Tuliinusa mpaka sokoni."

"Na vifaranga uliwanunua wapi?" Kellu alimuuliza.

"Hiyo ni siri ya biashara."

"Kunya anye kuku," Kellu alisema, na sauti yake sasa haikuomba ruhusa ya mtu, "akinya bata, kaharisha! Tumechoka. Sijui homa ilipitia wapi, Alhaji, na sitadai ninajua. Ninachojua, haikupitia mabawa yao. Hawakuleta kitu. Waliletewa."

Bulama aliinua kichwa polepole.

"Niliombwa neno moja. Neno lenyewe ni hapana."

"Kesho nitakuja na wakubwa kuliko wewe," Alhaji alisema akikusanya joho.

"Waje mchana," Kellu alimjibu, "tuwaone vizuri."

Hata hivyo akampungia mkono dereva juu ya tuta aanze kukata. Mashine ikanguruma, moshi ukapanda. Kellu hakungoja. Alipanda tuta, akaketi mbele ya ndoo ya chuma ya katapila, na Yagana akaja akaketi kando yake, kisha wanawake wengine, na vikapu vyao.

Dereva alichungulia. "Mama, sogeeni bwana! Mimi nimetumwa tu. Hata chai sijanywa."

"Una njaa, mwanangu?" Yagana aliuliza.

"Sana. Mna samaki?"

"Tunao wengi. Wako nyuma yangu, ndani ya maji hayo unayotaka kumwaga. Zima nikuvulie."

Dereva alimtazama Alhaji kule chini, akayatazama maji, akaizima mashine.

Wanawake wakapiga vigelegele. Kellu hakuinuka. Aliona ufunguo wa mashine bado umo mahali pake.