Rafu ya Wanaofikiria

Saa moja na nusu asubuhi, mfanya usafi wa kliniki ya kunyoosha meno alimaliza kupangusa vumbi, akairudisha plasta ya mdomo wa binti yake, ile nakala ya meno yake iliyomwagwa ikagandishwa, kwenye rafu ya juu badala ya ile ya chini. Rafu ya juu ilikuwa ya waliolipa. Ya chini ilikuwa ya wanaofikiria, yaani waliotajiwa bei wakaaga kwa heshima.

Fundi wa maabara hakuwa na mazoea ya kusoma majina. Kila plasta aliyoikuta juu aliikata jino moja moja kwa msumeno mdogo, akayapanga meno upya kwenye nta, ili mteja aone yatakavyokuwa. Alipoyapanga ya binti, yale halisi ya mdomoni mwake yakasogea vilevile. Binti alikuwa nyumbani akinywa chai.

“Yamenyooka,” alimwambia mama yake jioni.

“Yanauma?”

“Kidogo.”

“Basi kula taratibu.”

Wiki hiyo duka la vipodozi alikofanya kazi binti lilimtoa stoo, likamweka kaunta, penye kamisheni. Siku zote meneja alikuwa akimwambia kaunta inataka mtu wa kutabasamu.

Mwisho wa mwezi plasta zilihakikiwa. Daktari aliwaita mama na binti, akamulika mdomo wa binti, akaulinganisha na nta.

“Kazi safi,” alisema. “Ila haijalipiwa.”

“Nikate mshahara, daktari. Kidogo kidogo.”

“Mama, mshahara wako wa mwaka haumalizi hata taya la juu. Na hawa wanaovaa nyaya miaka miwili niwaambie nini?”

“Waambie rafu ilikosewa,” binti alisema.

Fundi alicheka peke yake.

Daktari alieleza kwamba kliniki haina kinyongo na mtu, ila haki ni haki. Fundi akaipasha nta moto, akayarudisha meno ya plasta yalikokuwa, akifuata picha ya zamani. Alikuwa makini: hata lile la pembeni lililopanda juu ya jingine alilipandisha vilevile. Binti alikaa kwenye kiti cha wagonjwa, mdomo wazi. Damu kidogo ilidondoka sakafuni. Mama yake aliipangusa, kwa kuwa zamu yake ilikuwa haijaisha.

Jumamosi meneja wa duka alimtazama binti akimhudumia mteja wa kwanza, kiganja mdomoni. Mteja alipotoka, meneja akamkabidhi binti ufunguo wa stoo.