Miti Yenye Nilisimamisha ku Shamba ya Maman Domitille

Diplôme nilipata, kazi hapana. Nilikaa kwetu Kadutu mupaka mama yangu akachoka kuniona ku mulango kama mbuzi ya kuuzisha. Njo nikaenda kufwata chef Tambwe, mwenye anafungaka ma-panneau ya jua, zenye kutoa courant ya umeme. Kazi ya kwanza ilikuwa Kasha, mu parcelle, kiwanja ya papa Djafari, mwenye moulin ya unga. Panneau zilikuwa mingi, paa ya moulin ingevunjika, tukazipanga chini ku udongo, ku ngazi-ngazi za mulima.

Ile udongo ilikuwa na mwenyewe, hata kama hakukuwa na karatasi. Maman Domitille alilima pale kabla papa Djafari ainunue. Papa Djafari ni mutu muzuri, akamwambia: "Maman, endelea kulima katikati ya panneau. Maarage inakaa chini, haifunike jua, na majani ya bure haitaota." Maman akasema aksanti, lakini macho yake haikusema aksanti. Ile shamba njo ilikuwa inalisha wajukuu wake. Kila mutu mwenye kupita na metre ya kupimia mu mukono, alikuwa anamufwata na macho mupaka apotee.

Sasa, câble. Câble ya chini ya udongo inapashwa kulala mu tuyau, bomba ya plastique, tena chini sana, fasi jembe haifike. Ku ligne ya mwisho ya panneau, ya chini kabisa, tuyau ikaisha, na mvua ilikuwa inakuya kutoka upande ya Kavumu. Chef akalalisha câble vile vile, uchi, mu kishimo kidogo, ungesema tunazika kifaranga.

"Chef, hapa batu banalima."

"Diplômé! Balikufundisha jembe ku examen?" Benzangu bakacheka. "Funika. Tutarudia na tuyau."

Hatukurudia. Chef alipata kazi ingine Uvira. Mi nikabaki na ile câble mu kichwa. Siku moja nikapanda pikipiki mupaka Kasha, peke yangu.

"Maman, usilime ku ligne ya chini. Kuko câble, itakuua."

Akasimama, akaegemea jembe.

"Mi nalima siku ya vendredi tu. Papa Djafari iko ku muskiti, moulin imezimwa. Courant itatoka wapi?"

"Ku jua, maman! Jua haijue vendredi. Ukizima, ni moulin njo inasimama. Lakini kutoka ku panneau mupaka fasi banazimia, câble iko na courant muchana yote."

Akapangusa jembe na majani.

"Kaka yangu balimwambia mulima itaanguka, ahame mbio. Akahama. Leo pale kuko nyumba ya gorofa ya mutu mwingine, na mulima haiyaanguka. Nani alikutuma, mutoto yangu?"

"Hakuna mutu alinituma, maman."

"Basi uko unabatumikia bure."

Nikaona maneno haifike. Nikakata miti ndogo kama fimbo, nikaisimamisha moja moja kufwata njia ya câble, nikafunga kitambaa nyekundu ku kila moja. Nikasema mu roho: sasa hata mutoto ataona.

Maman Domitille aliona. Lakini huku kwetu, ukikuta miti ya kitambaa mu shamba yako, utafikiri nini? Njo bile banapimaka parcelle ya kuuzisha. Binti yake Merveille alinielezea nyuma: nilipogeuka tu, maman aling'oa yote, akaitia mu moto chini ya chungu. Na vendredi yenye ilifwata akaenda kulima palepale kwenye miti ilikuwa, apande mbio, sababu alisema mutu hauzishe fasi yenye iko na mbegu.

Ile vendredi nilikuwa narudi kuangalia miti yangu. Niko bado ku barabara, nikasikia kitu inalia kama mafuta mu karai, nikaona mwangaza kama ya kuunga chuma na soudure, mu maarage. Jembe ya maman ilikuwa imekata câble, Merveille alikuwa ameshamuvuta mama yake pembeni. Batu banapiga makelele: "Zima moulin! Zima!" Moulin ilikuwa imezimwa tangu asubui. Moto inaendelea tu. Nikakamata bâche yenye balianikiaka mihogo, mihogo yote ikamwangika, nikafunika panneau za ile ligne. Zenye zilibaki, bamama bakafungua vikwembe, tukafunika, mupaka ile moto ikakufa.

Maman alipona. Mukono yake ya kuume haikupona.

Papa Djafari alilia, kweli alilia, ku mulango ya hôpital. Kisha akasema: "Basi. Mu parcelle yangu hakuna mutu ataingia tena." Chef Tambwe akarudi na tuyau. Tukachimba kishimo ya kweli, ruban nyekundu ya kuonya batu yulu ya câble, kila kitu bile ilipashwa kuwa tangu mwanzo. Na grillage, uzio wa waya, kuzunguka parcelle yote. Kuchimba fasi ya ma-poteau, nguzo za kushika grillage, balinipa mi.

Njo bile maman alinikuta. Alikuya polepole, mukono mu bandage, Merveille nyuma yake na kitunga. Maarage ilikuwa imekauka, ya kuvuna, kule ndani. Zamu, mulinzi mwenye papa Djafari aliweka, akabaambia ni amri ya patron, haingie mutu. Maman hakubishana naye. Alitazama poteau yenye nilishika. Ilikuwa palepale ku muti yangu ya kwanza.

"Mutoto yangu," akasema, na hakukuwa hata na kasirani, "niambie tena. Nani alikutuma?"



"Diplômé!" chef akaita kutoka yulu. "Ile poteau, unaingojea izae?"

Nikaiingiza mu kishimo, nikakanyaga udongo. Nilipoinua kichwa, maman na binti yake beko banapanda njia, kitunga ya Merveille iko tupu ku kichwa.