Vipande Sita

Mume wangu ni fundi wa pinde. Kabla hajaondoka kwenda kwenye mkataba wa ujenzi, mbali sana, aliangusha mti mmoja, akaupasua kwa kabari, akapata vipande sita virefu kunizidi. Akavimenya magome. Akavipaka gundi kwenye ncha, maana mti mbichi huharakisha kutoa maji kupitia huko, na ukiharakisha unapasuka. Kisha akavilaza kichanjani, kwenye karakana iliyo nyuma ya nyumba, kivulini, upepo upite juu na chini.

"Kila Jumamosi pima, andika," aliniambia. "Uzito ukigoma kushuka Jumamosi tatu mfululizo, mti umekauka. Nipigie. Siku hiyohiyo nafunga mzigo nije kuchonga."

Klabu ya kulenga shabaha ilishaagiza pinde sita. Zikiwepo, alikuwa na kazi ya kurudia. Zisipokuwepo, mkataba ungeongezwa. Basi mimi nikawa namngoja kwa gramu.

Mwezi wa kwanza vipande vilishuka kwa kasi mpaka nikawa nacheka peke yangu mbele ya mizani. Kuanzia mwezi wa pili vikasuasua: gramu ishirini, kumi na tano, kumi na mbili. Binti yetu, tuliyempa jina la utani Kidevu, alijifunza kukaa, kisha kutambaa, na yote hayo niliyaona peke yangu. Nilikuwa namweka ndani ya beseni kando ya mizani, namsomea namba, naye ananijibu kwa mate.

Kisha mvua ikanyesha siku nne. Paa la karakana halivuji, na nalijua vizuri, ila nilijiambia linavuja. Nikabeba vipande kimoja kimoja mpaka chumbani, nikavisimamisha ukutani, upande anaolala mume wangu. Cha sita kina fundo na uzito wake si mchezo. Kikanishinda, nikakiacha kichanjani.

Ukuta ule umepakana na jiko na kutwa nzima una joto. Vipande vikaanza kunukia vile anavyonukia yeye akitoka kazini. Nikijigeuza kitandani, nakuta kuna kitu kimesimama pale. Mvua ikaisha, mimi sikuvirudisha.

Jumamosi iliyofuata kila kipande cha chumbani kilikuwa kimeshuka gramu mia mbili na zaidi. Nilipima tena, nikidhani mizani imeharibika. Nikamrusha Kidevu juu, nikamdaka. "Baba anakuja, mama! Baba anakuja!" Wiki zilizofuata namba zikapungua mwendo, halafu zikasimama. Jumamosi ya kwanza. Ya pili. Imebaki moja.

Jumanne asubuhi nilikuwa nakunja nepi nikasikia ta! Kama mtu anayejivunja vidole. Kisha tena, ta! Nikaenda kuangalia. Kipande cha kwanza kilikuwa na ufa ulioanzia kwenye ncha ukashuka mpaka katikati. Cha pili vilevile. Nilipofika cha tano nilikuwa nimeshakaa sakafuni.

Mama mkwe akanikuta hapohapo. Anakaa mtaa wa pili na huwa habishi hodi.

"Haya mapya. Watu hulala kama magogo, wewe unalala na magogo?"

"Mama, yamepasuka."

Akaacha utani. Akapitisha kidole kwenye ufa. Baba mkwe, marehemu, naye alikuwa fundi, kwa hiyo hakuhitaji kuelezwa. "Nje kumekauka, ndani kungali kubichi. Nje kunabana, ndani kunakataa. Lazima kipasuke." Akanitazama. "Ulivileta humu kwa nini?"

Akamchukua Kidevu mgongoni mwangu, akakaa kitandani.

"Sikiliza, mwanangu. Jumamosi mpigie, mwambie uzito umegoma. Si uongo, si umegoma kweli? Aje. Akishafika atayaona mwenyewe."

"Atakuwa ameacha kazi, mama."

"Na atakuwa hapa! Mimi ni mamake, nami namtaka." Akageuza uso, akajifanya anamfuta mtoto pua.

Nililala na wazo hilo siku nne, na sitadanganya, lilikuwa tamu.

Jumamosi mchana nikampigia, mama mkwe kakaa ubavuni kwangu.

"Mama Kidevu! Niambie."

"Umegoma. Jumamosi ya tatu leo."

Alipiga ukelele mpaka wenzake wakacheka nyuma yake. "Gonga kimoja nisikie! Weka simu karibu."

Mti mkavu ukigongwa unalia wazi. Wenye ufa unakoroma. Ningeweza kwenda karakanani nikagonga kile chenye fundo. Mama mkwe alikuwa ananionyesha mlango kwa macho. Nikanyoosha mkono, nikagonga kilichokuwa mbele yangu.

Kikakoroma.

"Gonga kingine."

Nikagonga vyote vitano.

"Uliviingiza ndani," akasema.

"Ndiyo."

"Kwa nini, mke wangu?"

"Chumba kilikuwa kikubwa."

Nilisikia anapumua. "Huku tunalala wanane chumba kimoja," akasema mwishowe. "Na ni kikubwa hivyohivyo." Kisha, polepole: "Upinde mmoja hauwezi kunirudisha. Nitasaini tena. Inabidi ukatwe mti mwingine."

"Akate nani?"

Mama mkwe akaninyang'anya simu. "Mkeo atakata, mimi nitashika kabari! Wewe utuambie mti gani, na usitukate maneno!"

Akatuambia. Shina lililonyooka, lisilo na matawi chini, unene wa paja. Nikaandika kila neno nyuma ya karatasi ya namba, na alipomaliza nikamwomba aniambie tena, si kwa sababu sikusikia.

Jioni nilivitoa vipande vitano nje. Kidevu alitambaa mpaka ukutani, akakaa pale vilipokuwa, akapapasa sakafu. Nikakaa naye. Ukuta ulikuwa bado una joto.

Jumatatu tunaangusha mti. Mama amesema atafika saa moja kamili, na nisimcheleweshe.