Mguu wa Papa Bonaventure

Mguu wa kushoto wa Papa Bonaventure ulikuwa umefunikwa kwa kitenge kipya, lakini kitenge hakizuii harufu. Kisukari kilikuwa kimekula vidole vyote, na sasa weusi ulikuwa ukipanda kuelekea goti. Asubuhi ile, kwenye kikao cha wahudumu, Daktari Darius alisema wazi: mguu usipokatwa kesho, mzee hamalizi wiki. Kisha wote wakamgeukia Immaculée.

Ndivyo mambo yalivyokwenda katika hospitali ile ya mji wa Baraka. Daktari alipasua, wauguzi walifunga vidonda, na mgonjwa akigoma, mshauri aliitwa amlainishe. Immaculée alikuwa na ulimi mtamu na, tuseme ukweli, alijua kuwa anao. Lakini kwa Papa Bonaventure alikuwa ameambulia patupu siku tatu mfululizo. Alimweleza habari za magongo, za mguu wa bandia, hata za fundi mmoja wa kijiji cha Nundu anayekanyaga cherehani kwa mguu mmoja. Nella, binti wa mzee, aliongeza machozi yake. Mzee alisikiliza kwa adabu, akageukia ukuta, akasema hapana.

Safari hii alimkuta peke yake. Immaculée aliketi kwenye kigoda, na kwa mara ya kwanza hakuwa na la kusema. Mshauri asiye na ushauri ni kituko, lakini ndivyo alivyokuwa. Akanyoosha pindo la kitenge. Mzee alitazama mlangoni.

"Nella ameenda?"

"Ameenda kufua ku ziwa, papa."

"Ni vizuri. Mbele ya mutoto sitaje kaburi." Akageuza uso dirishani. "Mukisha kukata ile muguu, munaipeleka wapi?"

Immaculée alitaka kujibu upesi, kama kawaida yake, akajizuia. Nje ya dirisha moshi ulikuwa ukitoka kwenye shimo ambamo hospitali huchoma taka zake. Siku zote hizo mzee alikuwa akiutazama kutoka kitandani.

"Mi siogope kisu," akasema taratibu. "Lakini bibi yangu, mama Nella, analala mu udongo ya Swima, na nilimuambia nitamufuata. Sasa nimufuate nusu? Ingine ibakie mu moto, pamoja na bandeji ya batu?"

Aibu ilimshika Immaculée hadi masikioni. Siku tatu alikuwa akimfundisha kutembea mtu aliyetaka kujua atalala wapi. Hakuwa amemwuliza swali hata moja. Na machozi ya Nella, ambayo aliyaona kuwa msaada, ndiyo yaliyomziba mzee mdomo.

Alimkuta Daktari Darius akinawa mikono.

"Nilikutuma sahihi ya mzee," daktari akasema baada ya kumsikiliza, "we unaniletea masharti."

"Ndiyo, dokta. Muguu ni yake. Anaomba iende Swima. Nitaipeleka miye mwenyewe."

"Hatujafanyaka vile hata siku moja."

"Hatujaulizaka, dokta."

Miaka sita Immaculée alikuwa akishusha maneno ya madaktari hadi kitandani; kuyapandisha ya mgonjwa kulikuwa kugeni kwake, na kulimwogopesha. Daktari alifuta mikono yake, kidole kimoja kimoja.

"Ifungwe vizuri," akasema hatimaye. "Na muende mapema, mbele jua haijakuwa kali."

Jioni hiyo mzee alimweleza Nella mwenyewe, kwa maneno machache, kisha akaomba kalamu atie sahihi.

Alikatwa kesho yake alfajiri. Immaculée na Nella walipanda pikipiki moja, sanduku dogo la mbao likiwa mapajani mwa Immaculée. Huko kijijini Swima shangazi wa Nella, aliyepelekewa habari tangu jana, alikuwa amekwisha kuchimba kando ya kaburi la mama Nella. Nella alitupia udongo wa kwanza, akalia kwa sauti, na Immaculée akalia pamoja naye bila kujali kazi yake inasemaje kuhusu hilo.

Waliporudi, mzee alikuwa amezinduka. Midomo yake ilikuwa imekauka, Nella akailowesha kwa kitambaa. Papa Bonaventure alimtafuta Immaculée kwa macho.

"Mumeiweka upande gani ya mama Nella?"

Immaculée alifikiri kidogo, asije akakosea.

"Ya kushoto, papa. Upande ya ziwa."

Mzee alifumba macho. Uso wake wote ulilegea.

"Ni kule nilikuwa nalalaka, mu kitanda yetu."