Namba ya Jumanne

Mwaka ule pale maabara tulikuwa tunapima kichocheo ambacho mwili hujitengenezea wenyewe, kile kinachouamrisha uboho wa ndani ya mifupa utoe chembe nyeupe za damu. Wagonjwa wote tuliowapima walikuwa na chembe chache. Mmoja wao alikuwa mdogo wangu, tuliyemwita Kasuku kwa sababu ya domo lake.

Jumanne namba yake ikatoka, kubwa kuliko zote nilizowahi kuona. Nikarudia kipimo, nikaitukana mashine, lakini namba ikabaki ile ile. Mwili wa Kasuku ulikuwa unaita kwa nguvu zake zote na uboho hauitiki. Kumchoma sindano za kichocheo hicho hicho ilikuwa kazi bure. Daktari akaniambia tujiandae, zimebaki siku chache.

Mama alikuwa ananisubiri kwenye benchi la korido. Kwa wiki tatu tulikuwa tumemzoesha jambo moja tu: chembe zikipanda, mtoto anapona. Akanipokonya karatasi, akaweka kidole penye namba ya kichocheo, akidhani ni ya chembe.

"Hii ni kubwa?"

"Kubwa sana, mama."

Sikusema uongo, na ndiyo maana najichukia. Mama akacheka huku machozi yanamtoka, akampigia simu kaka yetu mkubwa, ambaye alishafunga mzigo wa safari.

"Baba, usihangaike. Namba imepanda. Njoo mwisho wa mwezi, utamkuta anatembea."

Mimi ninayegombana hata na daktari mkuu, nikaufyata. Ningewezaje kumnyang'anya kicheko kile?

Wodini Kasuku alinitazama usoni.

"Dada, leo hunisemi hata kidogo. Kaka anakuja lini?"

"Karibuni," nikasema, nikajitia kukunja shuka.

Ijumaa asubuhi homa ikamzidi, hata maneno yakamwishia. Hapo ndipo nilipompigia kaka. Alifika Jumamosi mchana, akamkuta mhudumu anapangusa godoro kwa dawa. Mama alikuwa mlangoni, anamuuliza kila muuguzi apitaye inakuwaje namba ipande halafu mtoto afe.

Kaka hakulia. Akaweka begi chini, akaniuliza taratibu:

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Jumanne."

Akatikisa kichwa, akakaa ukingoni mwa kile kitanda kitupu.

"Kutoka kwangu hadi hapa," akasema, "ni safari ya siku moja."