Mkono Uliogoma Kuachia

Nilitoka ndegeni nikizunguka kama pia, kwa mara nyingine, na safari hii kamba za mwamvuli zikapita katikati ya miguu yangu. Nilining'inia kichwa chini, nikiitazama anga kati ya viatu vyangu mwenyewe. Kisha mguu ukachomoka, mwamvuli ukajaa upepo, nikatua kwenye majani nikiwa mzima. Aibu yangu nayo ikatua nzima.

Mkufunzi wetu alikuja akitembea, wala hakukimbia. Kikosi kizima cha uokoaji kinamwita Kipanga, kwa sababu ya pua yake, na kwa sababu akiliona kosa halimponyoki.

"Umekula?" akaniuliza.

"Nimekula, mwalimu."

"Basi si njaa." Akachuchumaa mbele yangu. "Ni mkono wa kushoto tena. Wa kulia unaachia, wa kushoto unabaki umeng'ang'ania bawa kama kupe. Ndege inakuvuta upande mmoja, wewe unazunguka, mwamvuli unafunguka ukiwa umepinda. Leo mguu umechomoka. Siku nyingine kamba itaukaza."

"Nitarekebisha."

"Wiki nzima unarekebisha. Kesho asubuhi nakupa mruko mmoja. Ukibingirika tena, rudi wodini. Wodini si jela."

"Mwalimu, nipe miwili."

"Hapa si sokoni, mkunga."

Akaondoka. Nilibaki nimekaa palepale, nikiutazama mkono wangu kama mtu anayemtazama ndugu aliyemsaliti.

Naam, mimi ni mkunga. Kikosi kina waganga wanaoruka kwa mwamvuli, wanaume hodari wa kufunga mfupa na kushona jeraha, lakini hakuna hata mmoja anayejua kupokea mtoto. Dada yangu anaishi bondeni, ng'ambo ya mto. Mvua ikizidi, daraja huzama, na ndege haina pa kutua kule. Atakayefika atafika kwa kurukia kiwanja chembamba cha shule. Mimba yake iliyopita, uchungu ulimshika daraja likiwa chini ya maji. Aliyerushwa kumsaidia alikuwa mganga mwenye moyo mzuri na mikono isiyojua. Mtoto alikaa vibaya. Dada alipona. Mtoto, sisi tulioneshwa kaburi lake tu.

Baada ya msiba ule nikajiunga na kikosi. Sasa dada ni mjamzito tena. Nilikuwa nimeshapewa likizo ili niende kukaa naye mapema, begi limefungwa, ndipo mvua ikanyesha kabla ya wakati wake na daraja likaenda. Njia yangu ya kwenda kwa dada ikabaki ule mlango wa ndege, na mlangoni ndipo mkono wangu unaponigomea.

Si kwamba sikufundishwa. Kutoka ndegeni kunaelezwa kwa maneno machache. Unakanyaga kidaraja kidogo nje ya mlango, unaishika nguzo ya bawa kwa mikono yote miwili, unanyanyua kidevu, unasukuma kiuno mbele mpaka mgongo unakuwa upinde, kisha unaachia. Wanafunzi wengi huharibu kwa kutazama chini, wakidhani upepo unatoka ardhini. "Upepo unatoka mbele ya ndege," Kipanga hutuambia mpaka masikio yanaota sugu. "Ardhi mtaikuta tu, haihami. Upepo upeni kifua, utawashika." Mimi sikutazama chini hata mara moja. Kidevu kilikuwa juu, mgongo upinde. Mkono tu.

Mchana ule niliingia zamu yangu wodini. Mama mmoja alikuwa tayari, uzazi wake wa kwanza, anamtukana mumewe kwa ufasaha wa ajabu.

"Mwambieni asije! Nikimwona nitampasua!"

"Hayupo, mama. Amekimbilia nje."

"Mwoga! Mwiteni!"

Tulicheka wote, yeye mwenyewe katikati ya maumivu, na kichwa kikatokea, na mabega, na mtoto akateleza mikononi mwangu akiwa na utelezi wa sabuni. Hapo ndipo nilipouona. Mkono wa kulia ulihama kufuata miguu ya mtoto. Wa kushoto ulibaki shingoni, umeganda. Chuoni mwalimu wetu wa ukunga alikuwa akitupiga vidole kwa rula: mkono mmoja ukiondoka, mwingine ubaki. Usiachie yote miwili, hata mbu akikuuma jichoni. Nimepokea watoto wengi na sijamwangusha hata mmoja, kwa sababu mkono wangu wa kushoto hauachii. Kazi iliyonipa mkate ndiyo iliyokuwa inaniangusha angani.

Nikamlaza mtoto kifuani mwa mama yake. Mama akamkumbatia. Nikatazama mikono yangu: yote miwili ilikuwa hewani, mitupu, na imeondoka kwa pamoja.

Nilisimama pale mpaka mama akaniuliza kama mtoto ana kasoro.

"Hana kasoro, mama. Ni mimi."

Jioni dada alipiga simu. Mtandao ulikuwa unakatika, sauti yake ikija vipande vipande.

"Mdogo wangu, nasikia unajirusha."

"Nani kakwambia?"

"Bibi. Anasema utavunja shingo halafu atazika wawili." Akacheka. "Usije ukaumia kwa ajili yangu. Mtoto ameshageuka, nadhani. Leo hachezi sana."

"Hachezi sana maana yake nini? Tangu lini?"

Simu ikakatika. Nilipiga, nikapiga, nikapiga. Sikumpata.

Asubuhi bibi alinikuta ukumbini nimelala kifudifudi juu ya kigoda, mikono na miguu imetanda hewani, kiuno kimezama, kidevu juu.

"Mke mwenzangu, unaogelea wapi na maji hakuna?"

"Najifunza kuachia, bibi."

"Kuachia nako kunafundishwa? Babu yako aliniachia watoto saba bila kwenda shule." Alikaa kwenye mkeka. Utani ukamtoka usoni. "Nenda. Lakini ukifika juu usifikirie mtoto yule aliyekufa. Mfikirie aliyepo."

Ndege yetu ni ndogo, mlango wake umeng'olewa, na rubani ni mama mtu mzima tunayemwita Shangazi. Hupenda kuimba injini inaponguruma, akijua hatumsikii. Siku ile hakuimba. Kipanga naye hakunitania. Nilidhani wananihurumia.

Tulipofika juu Kipanga alinigonga bega. Nikatoka. Upepo ulinipiga usoni kama kofi la mama. Nikakanyaga kidaraja, nikaishika nguzo, miguu ikapeperuka nyuma. Mkono wa kushoto ukajifunga. Niliuhisi ukijifunga, kidole kwa kidole, kwa uaminifu wake wote wa miaka, na nikataka kulia. Niliuambia kwa sauti, na upepo ukanila maneno: hakuna wa kuangushwa hapa. Tunamkabidhi, kama mtoto kwa mama yake. Yupo wa kumpokea.

Sikuamini. Upepo si mama wa mtu. Lakini nilisukuma kifua mbele, nikaupa huo upepo.

Mikono ikaondoka.

Ndege ilipanda juu yangu, imenyooka, tumbo lake jeupe likizidi kuwa dogo. Haikuzunguka, kwa sababu mimi sikuzunguka. Mwamvuli ukafunguka bila kunitikisa. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Nilipotua, Shangazi alikuwa ameshateremsha ndege, na injini hakuizima. Kipanga alikuja, na safari hii alikuwa anakimbia. Mikononi alikuwa na sanduku langu la ukunga.

"Dada yako ameshikwa na uchungu tangu alfajiri," alisema. "Redio ya kikosi ilileta habari kabla hatujapaa."

"Ulijua?" Nilimkamata kola. "Ulijua ukanipandisha kama kawaida?"

"Ningekwambia, ungeachia?"

Nikaiachia kola.

"Mruko mmoja mzuri hautoshi," akaendelea, huku akinifunga mwamvuli mwingine mgongoni. "Kanuni inataka mingi. Lakini kanuni haijawahi kuzalisha mtu. Nitatangulia mimi, nikuwekee alama kiwanjani. Sanduku litakuwa mapajani mwako, litakuvuta chini, kwa hiyo kiuno ukisukume zaidi. Na ukizunguka na sanduku hilo, mkunga, sitakuokota kwa miguu. Nitakuokota kwa koleo."

"Nimesikia."

"Bado unaweza kukataa."

"Nifunge vizuri, mwalimu."

Mto ulikuwa wa kahawia, umepanuka kuliko nilivyowahi kuuona, ukibeba miti mizima. Daraja halikuonekana hata kwa kumbukumbu. Mawingu yalitukandamiza chini, Shangazi akapita chini yake huku akitikisa kichwa. Kipanga alitoka kama mtu anayeshuka ngazi ya nyumbani kwake. Shangazi akazungusha ndege, akanitazama, akapiga kelele: "Nakupitisha mara moja tu, mwanangu! Wingu linashuka!"

Nikatoka. Sanduku lilining'inia mapajani kama mtoto mzito anayekataa kubebwa. Kidole cha kwanza cha mkono wa kushoto kikajikunja kwenye nguzo, cha pili kikafuata. Nilisikia sauti ya dada: leo hachezi sana. Hofu ilinijaa mpaka mdomoni, nikaimeza. Kidevu juu. Kiuno mbele, zaidi, mpaka mgongo ukauma. Nikautafuta upepo kwa kifua changu kama mtu anayetafuta mlango gizani, na nilipouhisi umekaa sawa, nikaukabidhi kila kitu.

Mkono wa kushoto uliachia. Ulichelewa kidogo, nikayumba, sanduku likavuta, nikakaza upinde, na myumbo ukakoma.

Mwamvuli ukafunguka. Chini yangu watu walikuwa wakikimbia kwenye kiwanja cha shule, kuelekea mahali nitakapoangukia, na mwanamke mmoja alikuwa amesimama peke yake pembeni, ananionyesha kwa mkono upande iliko nyumba ya dada.