Kumi la Sita

Katekista alipotoa mfukoni kiboksi chenye rozari mpya ya dukani, nilijua tu kwamba sebuleni hapo hapatatosha. Jeneza lilikuwa wazi, misa ya mazishi ni saa nane, na mama wa bibi yangu alikuwa ameshikishwa rozari yake ya vifungo, kama alivyoagiza.

"Hii tuitoe," katekista alisema kwa upole. "Ina makumi sita ya Salamu Maria. Rozari ni makumi matano, binti yangu. Hatuwezi kumzika Mkristo na kosa mkononi."

"Si kosa," nikamjibu.

Mtaa mzima ulimwita marehemu Bibi Vifungo. Alikuwa fundi cherehani, na alikula chumvi nyingi hasa: kuna watu aliowashonea nguo za ubatizo, akawashonea za harusi, kisha akahudhuria mazishi yao. Misa ya asubuhi hakuikosa, mvua inyeshe isinyeshe, na ole wake paroko aliyechelewa. Vifungo vya nguo zilizochakaa alivihifadhi kwenye kopo la maziwa, na kwa vifungo hivyo akamtungia kila mtoto wa ukoo rozari yake. Yangu ina vifungo vya koti la babu, vya sare yangu ya darasa la kwanza, na kimoja cheusi cha kanzu ya paroko, ambacho aliapa kwamba kilidondoka chenyewe.

Zote zilikuwa na makumi sita. Sisi tulikua tukidhani dunia nzima inasali hivyo. Siku yangu ya kwanza bwenini, wenzangu walipomaliza kumi la tano na kuanza Salamu Malkia, sala ya kufungia, mimi nilipaza sauti peke yangu, "Salamu Maria, umejaa neema!" Bweni likaangua kicheko. Nilirudi likizo nimevimba kwa hasira, nikamuuliza kwa nini alinifundisha uongo.

Alinipa kwanza sindano nimtungie uzi, maana macho yake yalikuwa yameshachoka. Kisha akaniambia. Mtoto wake wa kwanza, wa kike, alifariki kabla ya kubatizwa. Paroko wa enzi hizo alikataa kumwombea, akakataa pia azikwe kwenye makaburi ya kanisa. Akazikwa nje ya uzio. Gauni la ubatizo lilikuwa bado mezani, limebakiza kutiwa vifungo tu, vyeupe, vidogo kama punje za mchele. Hivyo ndivyo vilivyokuwa kumi la sita kwenye rozari yake mwenyewe.

"Nikamwambia Mama Maria, wewe ulizika mwana, unanielewa," alisema. "Padri kafunga geti, sawa. Lakini rozari natunga mimi."

"Na bado ukaendelea kwenda kanisani?"

"Nisiende kwa nini? Kanisa ni lake? Jumapili iliyofuata nilikaa benchi la mbele, anione vizuri." Akakata uzi kwa meno. "Bibi yako hajui. Nilimficha asije akawachukia mapadri. Nikiwa hai, usimwambie."

Sasa hakuwa hai tena.

Katekista hakuwa mtu mbaya. Hata suruali aliyovaa siku hiyo ilishonwa na marehemu. Lakini sheria kwake ni sheria, na bibi yangu, ambaye hajawahi kubishana na mtu wa kanisa, akamuunga mkono.

"Mwacheni afanye kazi yake," bibi alisema. "Tusilete aibu mbele za watu."

Nikaweka mkono wangu juu ya mikono ile ya baridi. "Aibu ipi, bibi? Atakayeitoa rozari hii aanze kunitoa mimi."

"Mjukuu wangu, una wazimu?"

"Kumi la sita ni la dada yako," nikasema. "Mtoto wa kwanza wa mama yako. Alizikwa nje ya uzio bila sala hata moja, kwa sababu hakuwahi kubatizwa. Umemwombea maisha yako yote bila kujua."

Bibi aliinama juu ya jeneza, akavishika vile vifungo vyeupe kimoja kimoja.

"Tusali kwanza," katekista akasema hatimaye. "Haya mengine tutayazungumza."

Tukapiga magoti. Aliongoza vizuri, kumi kwa kumi, kiboksi chake kikiwa sakafuni kando yake. Alipomaliza la tano akavuta pumzi aanze Salamu Malkia. Nami nikafungua kinywa, tayari kuchekwa kwa mara ya pili, lakini kuna aliyeniwahi.

"Bado," bibi yangu alisema. Akanigeukia. "Jina lake nani?"

"Hakupewa, bibi."

Akajifuta machozi kwa upindo wa kitambaa chake, akaikaza sauti yake. "Kumi la sita. Kwa dada yangu, ambaye hawakumpa hata jina. Baba yetu uliye mbinguni…"

Ukoo mzima ukaitikia kwa nguvu mpaka walioko barazani wakaitikia pia. Katekista alikitazama kiboksi chake kidogo, akakirudisha mfukoni, akasali nasi.